Mji Gani Utatufaa?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni zake Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.



Mada niliyopewa ni ya kuhama: familia ikitaka kutulia, ichague vipi mji wa kukaa? Pengine utauliza, Ramadhan na habari za kuhama zinakutania wapi? Hebu angalia nyumbani kwenu. Mwezi huu ndio watu huketi pamoja kwenye futari, walio mbali hurudi kula Idd, na aghalabu hapo ndipo mashauri yanapopangwa. "Twende Nairobi?" "Tukanunue ploti Kilifi?" "Turudi kwetu Lamu?" Na mara nyingi uamuzi hukatwa na mtu mmoja kwa sababu moja: kazi imepatikana, au kodi ni rahisi, au rafiki ameshahamia huko na anasema kuzuri.

Mimi nina neno moja tu, na yote yatakayofuata ni kulifafanua. Kila mji una bei yake, na bei hiyo hailipwi na mtu mmoja. Baba hulipa kodi, mama hulipa maji, mtoto hulipa njia ya kwenda shule, na bibi hulipa umbali wa hospitali. Kwa hivyo kabla hujauliza kama mji ni mzuri, uliza kwanza: nani nyumbani mwetu atakayelipa bei yake, na je, tumemuuliza?

SOMO LA MAKKA NA MADINA

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Miji yetu miwili mitukufu yote ina habari za familia zilizohamia.

Nabii Ibrahim (a.s.) alimwacha Bi Hajar na mtoto wake Ismail (a.s.) katika bonde lisilo na mmea. Alipowapa mgongo aliwaombea dua, na tulisoma chuoni tangu tukiwa wadogo yaliyomo ndani yake: wasimamishe sala, nyoyo za watu ziwaelekee, na waruzukiwe matunda. Yaani ibada, watu na riziki, vyote vitatu kwa pamoja. Hakuombewa riziki peke yake.

Kisha Allah akatoa maji ya Zamzam. Watu wa kabila la Jurhum waliokuwa wakipita wakaona ndege anazunguka, wakajua hapo pana maji, wakaja. Sasa sikiliza vizuri ndugu yangu. Walimwomba ruhusa Bi Hajar wakae karibu naye, naye akakubali kwa sharti kwamba maji yabaki kuwa haki yake. Makka ilianza kuwa mji kwa mwanamke kuulizwa na kutoa jibu. Ni wangapi leo miongoni mwetu wanaomuuliza mke kabla ya vitanda kupakiwa kwenye lori?

Tuje Madina. Mtume (s.a.w.) alipohama mwaka 622, uwanja wa kujenga msikiti ulikuwa wa mayatima wawili. Walitaka kuutoa bure, naye hakukubali mpaka wamelipwa. Kisha akaunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, ili asibaki mgeni asiye na mwenyeji. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipotakiwa na ndugu yake wa Ki-ansari achukue nusu ya mali yake, alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Na pamoja na kheri zote hizo, Abubakar na Bilal (r.a.) walipofika Madina waliugua homa, na Bilal akawa anaililia Makka. Kumbe hata hijra ya kheri inauma. Mkeo au mtoto wako akilia kukumbuka kwao, usimwambie hana subira.

Basi hapo tumepata mambo matano ya kuangalia: maji, ardhi yenye haki iliyo wazi, majirani, soko la riziki, na mahali pa ibada. Tuyashushe sasa hapa kwetu Kenya.

ANAYELIPA KODI

Tuanze na baba, au yeyote anayeleta chakula. Yeye hutazama mshahara. Lakini mshahara wa mji mkubwa unataka kuhesabiwa pamoja na saa.

Nairobi ina kazi, hilo halina ubishi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hiyo, na Mombasa watu 1,208,333. Mtu akipata kazi mjini Nairobi na akaona kodi za Eastleigh au South C zimemshinda, atasukumwa Kitengela, Rongai au Ruiru. Sawa, nyumba ni nafuu. Sasa chukua kalamu. Ikiwa foleni ya magari inamla saa 2 asubuhi na saa 2 jioni, kwa siku 6 za kazi ni saa 24. Siku nzima, usiku na mchana, kila wiki, iko ndani ya matatu. Anatoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Kodi aliyookoa, wanawe ndio walioilipa.

Jambo la pili, usihamishe familia nzima kwa ajili ya kazi ya aina moja. Sisi watu wa Pwani tuna mfano ambao haufai kusahauliwa. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, mizigo mingi ilianza kupelekwa moja kwa moja bandari kavu ya Nairobi, na baadaye Naivasha. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, mafundi magari na mama wauza chakula wa barabarani walihisi pigo, na mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa kulalamika. Kisha Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Sasa fikiria aliyeng'oa watoto shuleni na kumuuzia jirani makabati ili afuate kontena Nairobi. Amri moja iliwapeleka huko, na amri nyingine ikawarudisha. Uliza hivi: kazi hii ikikatika, mji huu una kazi gani nyingine ninayoiweza mimi, au mke wangu? Kama hakuna, basi mwenye kazi aende kwanza, wengine wafuate mambo yakishakaa. Lakini pia isiwe "nitawaita" ya miaka mitano.

ANAYETEKA MAJI

Hapa wanaume wengi hatuulizi. Tunaangalia vyumba, madirisha, stima, tunatia sahihi. Mwenye kujua kama bomba linatoa maji ni yule atakayeamka saa tisa usiku kukinga.

Chukua Mombasa. Kisiwa hakina mto. Maji yake ya bomba hutoka mbali: Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, ambazo zimekuwa zikileta maji tangu miaka ya 1950, na Baricho kwenye mto Sabaki. Maji yanayosafiri masafa yale yote yana mengi ya kuyapunguza njiani, na mji umekua kupita yale mabomba. Ndio maana kuna mitaa bomba linatoa siku fulani tu, na visima vyake ni vya chumvi. Familia hununua mitungi ya lita 20. Basi ukienda kuangalia nyumba, usimuulize mwenye nyumba, yeye atakwambia maji yapo. Muulize mama anayefua nyumba ya pili: maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Kiangazi mtungi ni bei gani? Unapika kwa maji gani? Kisha zidisha kwa idadi ya watu nyumbani kwako, uongeze juu ya kodi. Huenda nyumba ya bei ndogo ikawa ghali kuliko ile uliyoikataa.

ANAYEPITA NJIANI

Mtoto naye ana bei yake. Katika mfumo wa sasa wa elimu, tangu 2023 Gredi ya 7, 8 na 9 zimekuwa zikisomeshwa katika shule za msingi. Maana yake shule utakayochagua leo kwa mtoto wa miaka 6 inaweza kumchukua mpaka karibu na miaka 15. Usiitazame lango tu. Uliza kama ina walimu wa sayansi na vifaa vya maabara, kama kuna mwalimu wa somo la Dini ya Kiislamu, na kama binti yako ataachiwa hijabu yake bila vita. Ijumaa je, wavulana wanaruhusiwa kwenda msikitini?

Kisha madrasa. Wazazi wengine husema, "Madrasa zipo kila mahali." Hapana shaka zipo, lakini mtoto atafikaje? Akitoka shule saa kumi jioni na chuo kiko ng'ambo ya barabara kuu ya malori, ama utamkosesha chuo, ama kila jioni utakaa roho juu. Hebu itembee njia ile wewe mwenyewe kwa miguu, saa ile ile, ukiwa na mtoto. Hesabu mara ngapi umemshika mkono.

Hapa nitataja jambo la kuwatuliza walio mbali kidogo. Banu Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.) wakataka kuhamia karibu. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki makwao, kwani hatua zao za kuujia msikiti zinaandikwa. Kwa hivyo si lazima wote tubanane kwenye mtaa mmoja kwa sababu una misikiti mitatu. Cha muhimu njia ipitike, na kwa amani.

ANAYEUGUA

Bibi na babu, na yeyote mwenye maradhi ya kudumu, hao ndio aghalabu huambiwa habari za kuhama wakati mikeka imeshakunjwa. Na pengine wao ndio watakaolipa zaidi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki ana safari nne kila wiki, kwenda na kurudi. Mama mjamzito hapangi uchungu uje mchana. Mwenye pumu akipelekwa Nairobi mwezi wa Julai, baridi ile ataijua yeye, wewe utavaa sweta tu. Uliza hospitali ya kaunti iko wapi, usiku kuna usafiri gani, na matibabu anayoyahitaji mgonjwa wetu yanapatikana pale au ataandikiwa barua ya kwenda mji mwingine.

TUPIME MIJI

Tupime mathalan Lamu na Voi, kwa sababu vijana wengi huwaza Nairobi na Mombasa tu.

Lamu, mji wa kale ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vya watu na punda. Mtoto huenda chuo bila kuogopa lori, na kila mlango anaopita kuna anayemjua mama yake. Lakini maji ya mji hutegemea visima vya kwenye michanga ya Shela, na michanga ile ikijengwa ovyo, mji mzima utaona kiu. Na mgonjwa akizidiwa mpaka ahitaji hospitali kubwa ya Mombasa, safari yake huanza kwa boti hadi Mokowe, ndipo ashike barabara. Kwa kijana mwenye watoto wadogo na kazi ya baharini au ya ufundi, ni mji wa raha. Kwa familia yenye mgonjwa wa kila wiki, ni mtihani.

Voi iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, reli ya 2017 ina kituo hapo, na barabara ya Taveta kwenda Tanzania inaanzia hapo. Biashara ya mtu wa kununua huku na kuuza kule inawezekana. Misikiti ipo na hospitali ya rufaa ya kaunti ipo. Bei yake ni joto na ukavu, na ukinunua shamba pembezoni uliza habari za ndovu wa Tsavo, maana mahindi yako nao wanayapenda. Kadhalika tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, miji mingi midogo imepata afisi, masoko na kazi ambazo zamani mtu alizifuata mbali. Kilifi ni hivyo hivyo, na Chuo Kikuu cha Pwani kilichopewa hadhi kamili mwaka 2013 kimeleta wapangaji na wateja. Na usidhani ukitoka Pwani umetoka kwa Waislamu. Mumias kuna Waislamu tangu enzi za misafara ya biashara ya karne ya 19.

ARDHI: HAPA TUAMKE

Sasa nazungumza na vijana hasa, kwa sababu nyinyi ndio mnaoweza kuwasomea wazazi karatasi. Watu wengi wanapoteza akiba ya maisha kwa kununua ploti kwa haraka. Mwanamume amekuja na mchoro wenye muhuri, ardhi ni rahisi, "wenzio wanamaliza," basi kiinua mgongo chote kikaondoka.

Mombasa tuna jambo letu la nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba hizo zimewasitiri watu kwa vizazi, lakini ukinunua moja ujue umenunua nini. Mwenye kiwanja akiuza, wewe una mawe na mbao juu ya ardhi ya mtu mpya.

Penginepo kamata haya. Usitoe shilingi kabla jina la muuzaji halijaangaliwa kwenye rejista ya afisi ya ardhi. Mlete mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe mipaka. Kama ni shamba, uliza kuhusu kibali cha bodi ya ardhi. Na kama ardhi ni ya marehemu, mrithi mmoja hawezi kukuuzia kihalali kabla mirathi haijapita mahakamani. Ukinunua hivyo, umenunua haki ya dada zake, na huenda na ya mayatima. Mtume (s.a.w.) aliwalipa mayatima uwanja wa msikiti, wao wenyewe wakitaka kuutoa. Wewe utajenga chumba cha kulala juu ya haki ya yatima asiyejua hata kama imeuzwa?

TUFANYE NINI BASI?

Kwanza, shura. Usiku mmoja baada ya tarawehe, kaeni nyumba nzima. Kila mtu aseme, hata mtoto wa miaka 8: akihamia mji ule atapata nini, na atapoteza nini. Baba asiwe wa kwanza kusema, kwani akishasema yeye, nani atampinga? Andikeni.

Pili, nendeni mkakae. Siku tatu au wiki kwa jamaa, na akiwemo yule atakayebaki nyumbani mchana kutwa. Ramadhan ndio mwezi mzuri wa kuujua mji. Angalia magharibi mgeni anakaribishwa futari au milango inafungwa. Angalia tarawehe wanawake wana mahali pao, na wanarudi majumbani kwa amani. Angalia vijana wa rika la mwanao wanakesha wapi.

Tatu, pangeni mwaka mmoja kabla ya kununua au kujenga. Mwaka una masika na kiangazi, Januari ya karo na Julai ya baridi. Mji uliouona mwezi mmoja hujauona.

Nne, istikhara. Na tusiifanye kuwa ya kungojea ndoto. Rakaa mbili na dua baada ya kuuliza na kushauriana, kisha ushike njia ukitegemea kwa Allah. Wengine husema, "Riziki iko popote, mbona hesabu zote hizi?" Ni kweli riziki ni ya Allah, lakini Bi Hajar hakukaa chini akangoja. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji kwa ajili ya mtoto, na mbio zake tumefanywa tuzifuate kila anayehiji.

Ndugu yangu, dada yangu, kesho nawe utaoa au utaolewa, na siku moja utaulizwa, "Twende wapi?" Siku hiyo usianze na ramani. Anza na yule ambaye sauti yake haisikiki nyumbani: bibi kitandani, mke jikoni, mtoto mlangoni na begi lake. Muulize, umsikilize mpaka amalize, ndipo mtafute lori.

Twamuomba Allah (s.w.t.) atukubalie saumu zetu, aifanye miji yetu iwe ya amani, atupe majirani wema na atufanye sisi kuwa majirani wema kwa wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.